Dharura, dharura... mpaka lini?

Kuna neno moja la Kiswahili natamani lipigwe marufuku katika ofisi zote za umma kwa miaka kumi hivi, tuone watu wataishije. Neno lenyewe ni DHARURA. Hospitalini sina ugomvi nalo. Mama mjamzito akifikishwa usiku wa manane anavuja damu, hiyo ni dharura, na anayesimama mlangoni kudai risiti kwanza ana lake na Mungu. Ugomvi wangu ni na dharura ya kununua mitambo. Majenereta, rada, kompyuta, mashine za kuandikisha wapiga kura. Ile dharura inayotangazwa na bwana mkubwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, wakati alijua miaka mitatu nyuma kwamba siku hiyo itafika.

Nimehudhuria mikutano ya waandishi wa habari ya kutosha kuujua wimbo huu kwa moyo. Mwandishi anauliza: mbona bei kubwa hivi? Anajibiwa: tulitaka ubora. Mbona hakukuwa na zabuni ya wazi? Tulikuwa na haraka. Mbona chenyewe hakifanyi kazi? Bajeti ilikuwa finyu. Majibu matatu, na kila moja ukilisikia peke yake lina akili. Sasa yaweke pamoja! Mtu yule yule, kitu kile kile, alikuwa na fedha kidogo akalipa nyingi, na alikuwa na haraka akachelewa. Lakini hatuyaweki pamoja. Tunafunga daftari, tunapewa soda na sambusa mbili, tunarudi chumba cha habari kuandika "Serikali yanunua mitambo ya kisasa".

Nenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwenye maduka ya simu. Kuna fundi mmoja pale hajawahi kusomea manunuzi popote, lakini namwamini kuliko makatibu wakuu wengi. Ukimpelekea simu iliyopasuka kioo anakuuliza swali moja tu: "Kaka, unataka orijino, unataka leo, au unataka bei poa? Toa kimoja." Ukitaka orijino na leo, unalipa. Ukitaka orijino kwa bei nafuu, unasubiri jamaa yake anayekuja na mzigo kutoka Guangzhou, na jamaa huyo anakuja anapokuja. Ukitaka leo na bei poa, kioo kipo, anakutolea kwenye droo hapo hapo, ila anakuambia wazi kwamba baada ya wiki kadhaa simu inaweza kuanza kujibonyeza yenyewe na kumpigia mkweo saa nane usiku.

Waliosomea uhandisi wanaijua hesabu hii: kizuri, cha haraka, cha bei ndogo, chagua viwili. Haina chama wala dini. Ninachompendea fundi wangu ni kwamba ananiambia ninachokikosa KABLA hajapokea hela. Nionyesheni waziri mmoja aliyewahi kusimama akasema: ndugu wananchi, kitu hiki kitakuwa kizuri na hakitatuumiza kwa bei, lakini kitachelewa miaka mitano. Tunaahidiwa vyote vitatu siku ya uzinduzi, na ikishindikana tunaletewa methali.

Na hapa wazee wetu walituachia mtihani. Walisema haraka haraka haina baraka. Wakageuka wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Walisema rahisi ni ghali, na sisi tukaigeuza ikawa kwamba ghali ndiyo bora. Kwa hiyo mtumishi wa serikali ana methali mfukoni kwa kila kosa atakalofanya. Akichelewa ana ya kwake, akikurupuka ana ya kwake, akilipa mara tatu ya bei ndiyo kabisa, anazungumza kama mwanafalsafa.

Tuache methali, tuangalie umeme.

Mwaka 1992, na tena 1994, maji yalipungua kwenye mabwawa yetu na nchi ikaingia kwenye mgawo. Serikali ikatafuta mtambo wa haraka. Mei 1995 TANESCO ikasaini mkataba wa miaka 20 na IPTL, kampuni ya ubia kati ya Wamalaysia na kampuni ya Kitanzania, kwa ajili ya mtambo wa megawati 100 wa kuchoma mafuta mazito pale Tegeta. Haraka, si ndiyo? Mtambo huo ulianza kuuza umeme kibiashara Januari 2002. Naomba urudie kusoma sentensi hiyo. Mtambo wa dharura ulichukua zaidi ya miaka sita na nusu. Mtoto aliyezaliwa siku wanasaini alikuwa tayari kushonewa sare ya darasa la kwanza.

Kilichochelewesha ndicho kinachonikera zaidi, kwa sababu ni somo zima la manunuzi ndani ya kesi moja. Makubaliano yalihusu injini za dizeli za mwendo wa polepole. Mwekezaji akaleta za mwendo wa kati. Kwa sisi tusio mafundi: injini ya mwendo wa polepole ni dude kubwa, kama za meli za mizigo, linazunguka taratibu, lina chuma kingi na bei yake iko juu, na linanunuliwa na mtu anayetaka kukaa nalo miaka mingi. Ya mwendo wa kati ni ndogo zaidi, inazunguka kasi zaidi, inafungwa upesi zaidi na bei yake ni ya chini. Zote ni injini halali na zote zinatoa umeme. Tatizo lilikuwa kwamba bei haikushuka pamoja na injini. Yaani umeagiza ng'ombe, umeletewa mbuzi, na ankara inasema ng'ombe.

TANESCO ikagoma, na naisifu kwa hilo. Mwaka 1998 kesi ikapelekwa kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, na mwaka 2001 uamuzi ukatoka, gharama ya mradi iliyokuwa ikidaiwa ikapunguzwa. Yaliyofuata mnayajua, mpaka sakata la akaunti ya Escrow lililolitikisa Bunge mwaka 2014.

Sasa jiulize. Wakati tunagombana kuhusu injini, gesi ya Songo Songo ilikuwa wapi? Ilikuwa chini ya bahari na kisiwa, pale pale ilipogunduliwa mwaka 1974. Ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004. Miaka thelathini! Na lile korongo la Stiegler kwenye mto Rufiji, ambalo wataalamu walilipima miaka ya 1970 na likaundiwa hata mamlaka yake, RUBADA, mwaka 1975? Lilikuwa kwenye makabati. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba mwaka 1995 hatukuwa na muda wa kutafuta kitu kizuri, namuuliza: muda uliokuwepo tangu 1974 ulikwenda wapi?

Halafu ikaja 2006. Nilikuwa shule ya msingi, na ninachokumbuka ni mishumaa na kelele za majenereta ya madukani. Ukame tena, Mtera imekauka tena, mgawo tena. Tulikuwa tumejifunza? Juni 2006 ukasainiwa mkataba na Richmond, kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Texas, ilete mitambo ya gesi ya megawati 100. Ahadi ilikuwa miezi michache. Miezi ikapita, mitambo ikachelewa, mvua zikanyesha kabla ya umeme wa ukame kufika. Desemba 2006 mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, Februari 2008 ripoti ikasomwa: kampuni iliyopewa kazi haikuwa na uwezo wala uzoefu wa kuifanya. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, mawaziri wawili wakamfuata, Baraza likavunjwa.

Watu wengi wanaikumbuka Richmond kama habari ya siasa, nani alimwangusha nani. Mimi naikumbuka kwa namba moja: shilingi milioni 152 kwa siku. Hayo ndiyo yalikuwa malipo ya kuwa na mtambo, uwake usiwake. Hapo ndipo neno haraka linapoonyesha rangi yake. Anayeuza kwa mtu mwenye kiu haulizi maji yanagharimu kiasi gani, anauliza kiu ni kubwa kiasi gani. Ukienda sokoni huku umeshika tumbo, hata muuza ndizi anaona. Dowans ilipovunjiwa mkataba mwaka 2008 ikaenda mahakama ya usuluhishi ya kimataifa, na Novemba 2010 TANESCO ikaamriwa kulipa kiasi kilichoripotiwa kuwa karibu shilingi bilioni 94. Na mitambo yenyewe? Mwaka 2011 ikanunuliwa na Symbion, Wamarekani, ikaendelea kuzalisha umeme Ubungo. Ilikuwa mitambo ya kawaida tu iliyofanya kazi. Mashine hazikuwa na kosa lolote. Tulichokinunua kwa bei kubwa kilikuwa ni haraka, na hicho ndicho pekee ambacho hakikufika.

(Mwaka huo huo wa 2011 mgawo ulirudi tena, na Agosti ukatangazwa mpango mwingine wa dharura. 1994, 2006, 2011. Kitu kinachorudi kila baada ya miaka michache kina jina lingine, kinaitwa kalenda.)

Mtasema najua kulaumu tu. Haya, tuangalie upande wa waliosubiri. Bwawa la Julius Nyerere, lile lile la Stiegler, mkataba wake na Wamisri ulisainiwa Desemba 2018, kwa shilingi trilioni 6.5, likamilike Juni 2022. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na wa tisa, wa mwisho, ukaingia mwaka 2025. Megawati 2,115. Kuna ugomvi halali kuhusu bwawa hilo, mazingira ya Selous, deni na kadhalika, na siku nyingine nitaurudia. Lakini kwa hesabu ya fundi wa Aggrey, hapa tulitoa kimoja, tukatoa muda. Ninachodai ni kwamba tungeambiwa. Badala yake kila mwaka tulipewa tarehe mpya kwa sauti ile ile ya uhakika.

Reli ya kisasa ni hivyo hivyo. Wakenya walianza ya kwao mwishoni mwa 2014 na Mei 2017 treni ikatoka Mombasa kwenda Nairobi. Kasi ya ajabu, lazima tukubali. Lakini ni ya dizeli, na deni lake wanalijua wenyewe. Sisi tulianza kipande cha Dar hadi Morogoro Aprili 2017 na kilitakiwa kiishe Novemba 2019. Abiria wa kwanza wa kulipa nauli walipanda Juni 2024. Ya umeme, na mimi nimeipanda mpaka Dodoma, naipenda. Nikikutana na Mkenya tunabishana nani kachagua vizuri, na ubishi huo hauna mshindi, kila mmoja alitoa chake. Tofauti ni kwamba wao au sisi, hakuna aliyeulizwa kabla.

Sasa nije kwa wale wenye falsafa ya kwamba ghali ndiyo bora. Nina neno moja kwao: rada.

Mwaka 2002 nchi hii, ambayo ilikuwa imetoka tu kusamehewa madeni kwa sababu ya umaskini, ilikuwa inanunua rada kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, takribani dola milioni 40 za wakati ule. Clare Short, aliyekuwa waziri wa misaada ya kimataifa katika serikali ya Tony Blair, alipinga ndani ya serikali yake mwenyewe akashindwa. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, waliombwa na Benki ya Dunia waitazame. Walisema ni mfumo ambao kimsingi ni wa kijeshi, ni ghali mno, na hautoshi kwa kazi ya kuongoza ndege za abiria. Soma vizuri: ghali NA hautoshi. Walipoulizwa wakubwa, jibu likawa lile lile, ubora, usalama wa anga, hatuwezi kununua vitu vya bei rahisi. Desemba 2010 mahakama ya London iliitoza BAE faini ya pauni 500,000 kwa kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu za biashara hiyo, baada ya kuonekana kwamba takribani dola milioni 12 zilipitia kwa wakala. Kampuni ikakubali kurudisha pauni milioni 29.5 kwa Watanzania, na mwaka 2012 fedha zikaja, zikanunua vitabu na madawati. Yaani tulirudishiwa chenji yenye ukubwa kuliko noti.

Agosti 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikasaini mkataba na Thales wa Ufaransa wa rada NNE za kiraia, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Bei ya zote nne: shilingi bilioni 67.3. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha mwaka ule ni kama dola milioni 30. Nne kwa dola milioni 30, moja kwa milioni 40. Najua, teknolojia inashuka bei kadri miaka inavyokwenda, na rada ya jeshi si rada ya kiraia, usinirukie. Hiyo ndiyo hoja yenyewe. Kama ulihitaji rada ya kuongoza ndege za abiria, kwa nini ulinunua ya jeshi? Bei kubwa haikununua ubora hapo, kwa sababu ubora ni kitu kufaa kwa kazi uliyo nayo. Lori la tani thelathini ni gari bora kabisa, jaribu kwenda nalo kumchukua mtoto shule pale Kinondoni Studio.

Tuje kwenye uchaguzi, maana hapa ndipo vijana tunapoguswa moja kwa moja. Kenya baada ya damu ya 2007 na 2008, tume ya Jaji Kriegler ilisema wazi mwaka 2008 kwamba daftari la wapiga kura na utangazaji wa matokeo lazima vibadilishwe, teknolojia itumike. Mwaka 2008! Zabuni ya mashine za kuandikisha ikavurugika na kufutwa katikati ya 2012, ikaokolewa kwa makubaliano ya serikali kwa serikali na Canada, uandikishaji ukabanwa ndani ya siku thelathini, Novemba hadi Desemba. Machi 4, 2013, vifaa vya kuwatambua wapiga kura vikafikishwa kwenye vyumba vya madarasa visivyo na soketi ya umeme, betri zikaisha, makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Mfumo wa kutuma matokeo nao ukazimika njiani. Mahakama ya Juu iliyaacha matokeo, lakini ilitaka ununuzi wa vifaa hivyo uchunguzwe. Hivi kati ya wote waliokaa vikao vya kununua kifaa cha kielektroniki, hakuna aliyewahi kusoma shule ya kijijini?

Sisi tukacheka, kama kawaida ya majirani. Mwaka 2015 ikawa zamu yetu. Tulikuwa na Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014, na kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015. Tume ikaamua kuandikisha kwa mashine mpya za BVR. Uandikishaji ukaanza Makambako mwishoni mwa Februari, na mashine chache mno, nyingine bado ziko njiani. Miezi miwili kabla ya kura, na nchi nzima haijaandikishwa! Mapema Aprili mwenyekiti wa tume, Jaji Damian Lubuva, akatangaza kwamba kura ya maoni imeahirishwa. Mashine zilifika baadaye, watu zaidi ya milioni 22 wakaandikishwa, uchaguzi wa Oktoba ukafanyika. Lakini ile kura ya maoni haijafanyika mpaka leo. Wapo walioipenda katiba ile na wapo walioichukia, mimi sisemi nilikuwa wapi. Nasema tu kwamba watu wazima wa nchi nzima walinyimwa nafasi ya kusema ndiyo au hapana, na sababu tuliyopewa ilikuwa ni vifaa kuchelewa. Vifaa! Ukisikia mtu anasema manunuzi ni mambo ya wahasibu, mkumbushe hilo.

Kuna jambo lazima nilitenganishe hapa, maana huwa tunawachanganya watu. Maskini akinunua kibovu cha bei rahisi, usimcheke. Usiku wa Juni 16, 2016 TCRA ilipozima simu feki, mama yangu mdogo alikuwa miongoni mwa waliobaki na kipande cha plastiki mkononi. Simu yake ilikuwa na laini mbili, tochi, antena ya televisheni na sauti ya kutosha harusi. Magazeti wiki ile yaliandika kwa kejeli kuhusu watu "wanaopenda vya rahisi". Vya rahisi! Mama mdogo alikuwa anauza vitumbua. Alihitaji simu leo, kwa hela aliyokuwa nayo leo, na alijua kabisa haitadumu. Alichagua viwili, macho yake yakiwa wazi, kama fundi alivyosema. Aliyeziacha kontena za simu hizo zipite bandarini miaka yote ile hakuulizwa. Mwenye haki ya kununua kwa haraka na kwa bei ndogo ni yule ambaye hana akiba na hana kesho. Serikali ina bajeti ya mwaka, ina mpango wa miaka mitano, ina dira ya miaka ishirini na mitano. Haiwezi kuja kujifananisha na muuza vitumbua.

Na wala sekta binafsi isitabasamu. Kuna gazeti moja nililowahi kufanyia kazi (silitaji, bado nawadai posho ya safari) lilinunua kompyuta za mtumba ishirini kwa mpigo, kwa bei ambayo mhasibu aliitangaza kwenye kikao akapigiwa makofi. Betri zote zilikuwa zimekufa. Umeme ukikatika jenereta linachukua nusu dakika kuwaka, na nusu dakika hiyo inatosha kuzima chumba kizima cha habari. Saa mbili usiku, ukurasa wa kwanza uko mezani, giiiza. Mara tatu katika mwezi mmoja gazeti lilichelewa kiwandani likakosa mabasi ya mikoani. Wakaanza kununua betri moja moja, halafu vile vifaa vya kushikilia umeme, halafu fundi wa kudumu. Tulipopiga hesabu na mwenzangu wa dawati la michezo, tulikuta bei ya mpya ilishapitwa. Lakini mhasibu alikuwa ameshapanda cheo, kwa kubana matumizi.

Hapo ndipo siri ilipo, kama mnataka kuijua. Bei inaonekana siku ya kwanza. Ubovu unaonekana mwaka wa pili. Kuchelewa kunaonekana wakati bosi mwingine ameshakalia kiti. Anayenunua hupongezwa kwa kile kinachoonekana akiwa bado ofisini, na magazeti yetu yanamsaidia, kwa sababu habari tunayoandika ni ya siku ya kukata utepe.

Najua atatokea mtu wa kitengo cha manunuzi aniambie: kijana, hujui, zabuni ya wazi inakula miezi mingi, kuna rufaa, kuna kamati, hata mtu mwaminifu anaishia kwenye dharura. Nakubali kabisa. Sheria ya manunuzi tumeiandika 2001, tukaiandika upya 2004, tukaiandika upya 2011, tukaiandika upya tena 2023 na mfumo wa mtandaoni wa NeST juu yake. Zote zina mlango wa dharura, na lazima ziwe nao, daraja likisombwa na mafuriko usisubiri kamati. Ninachotaka ni kitu kidogo sana, karatasi moja. Kila anayepita kwenye mlango ule aandike tarehe mbili: siku alipojua kwa mara ya kwanza kwamba kitu hiki kitahitajika, na siku alipoanza kukitafuta. Ibandikwe hadharani pamoja na bei. IPTL ingesomeka 1974 na 1994. Mashine za Kenya, 2008 na 2012. Halafu jina la aliyekuwa ofisini kati ya tarehe hizo mbili.

Kwa kuanzia, mimi nimeshafungua ukurasa wangu kwenye daftari. Septemba 27, 2023 CAF ilitangaza kwamba Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja AFCON 2027. Mageti ya kielektroniki, kamera, taa, ubao wa matokeo, mtandao wa waandishi, tiketi. Tarehe ya kwanza nimeiandika kwa wino. Ya pili nimeiachia nafasi, kitu kwa kitu. Ndugu yangu unayefanya kazi huko ndani, ukiona zabuni inasainiwa bila kushindanishwa na barua ina lile neno nililoanza nalo, niandikie.